Nani Mwenye Mji? Khabari za Tabora na Njia ya Misafara



Gazeti letu hili limezoea kuzungumza juu ya palizi, majamvi ya kuanikia na bei ya karafuu. Mara hii tumeacha hayo kidogo, kwa sababu barua zinazotoka matawini zimekuwa za namna moja. Njia ya kutolea karafuu shambani haipitiki wakati wa masika. Mfereji umekauka. Taka zimerundikana kando ya soko. Na katika kila barua mtu anamtaja mwengine: mkulima anamtaja sheha, sheha anamtaja diwani, diwani anataja Baraza, na Baraza linasema fedha hazijafika. Badala ya kujibu barua mojamoja, tumeona afadhali tuchukue mji mmoja na kueleza kwa urefu jinsi amri ya mji inavyoingia mikononi mwa wenyeji, na jinsi inavyoweza kuwaponyoka.

Mji wenyewe ni Tabora. Uko mbali, katika nchi ya Unyamwezi, magharibi ya Tanzania bara, lakini si mgeni kwetu. Ulikuwa katikati ya njia ile ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilizouzwa Unguja katika karne ya 19 nyingi zilipita hapo. Watu nao walipita hapo wamefungwa minyororo, na wengi wao waliishia katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Jambo hili haifai kulipita kimyakimya, maana mashamba tuliyoyarithi yalifyekwa na kupandwa kwa mikono ya watu hao. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, baba yake alikaa Tabora na akaoa katika nyumba ya Mtemi Fundikira. Naye Tippu Tip alipozeeka akaja kukaa Unguja, mwenye mashamba makubwa. Hata baada ya utumwa kupigwa marufuku visiwani mwaka 1897, Wanyamwezi waliendelea kuja kwa hiari yao kupalilia na kuchuma kwa ujira.

Basi tuutazame mji huo tangu ulipoanza.

Wazungu Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliukuta mji wa wafanya biashara, ambao wao waliuita Kazeh. Haukuwa mji wa mitaa iliyopangwa kama Mji Mkongwe wa Unguja. Ulikuwa ni mkusanyiko wa matembe, kila tajiri na tembe lake, bustani yake, ghala yake na watu wake. Tembe moja la namna hiyo lipo mpaka leo Kwihara, mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na limefanywa nyumba ya makumbusho. Ardhi ilikuwa ya Mtemi wa Unyanyembe. Biashara ilikuwa ya wageni kutoka pwani. Seyyid wa Unguja naye alikuwa na mtu wake pale. Kwa hivyo mji mmoja ulikuwa na wakubwa wasiopungua wawili, na hapakuwa na mahali pamoja pa kukaa wakaamua mambo ya mji.

Fundikira alipokufa, akatawala Mnywa Sere. Huyu alitaka wafanya biashara watoe ushuru wa mali inayopita katika nchi yake. Wafanya biashara wakakataa. Yapata mwaka 1860 wakachukua bunduki, wakamwondoa, wakamsimamisha mtemi mwengine jina lake Mkasiwa. Wengine wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yameanza, kwa sababu Mnywa Sere aliingia porini na watu wake, akawa anavizia misafara kwa muda wa miaka, mpaka alipouawa mwaka 1865. Njia ikawa ya khofu, na biashara ikapata hasara kuliko ule ushuru waliokataa kuutoa.

Sisi tukitazama kisa hiki hatuoni kwamba ushuru wenyewe ulikuwa dhulma. Hakuna nchi isiyotoza. Hata sisi wakulima tunatoa, tena tunajua uchungu wake. Jambo lililokosekana ni mahali ambapo mwenye kutoza na mwenye kutozwa wangekaa pamoja, mmoja akaeleza anataka kiasi gani na kwa kazi gani, na mwengine akaeleza anaweza kiasi gani. Palipokosekana baraza, zikasema bunduki.

Baraza la namna fulani lilikuwapo, lakini lilikuwa la matajiri peke yao. Mwaka 1871 walikutana Tabora kushauriana juu ya Mirambo, mtawala wa Urambo, ambaye alikuwa amewazuilia njia ya kwenda Ujiji. Stanley alikuwapo katika kikao hicho, na akaandika khabari zake. Wakaamua kupigana. Vita vikawageukia: watu wengi wakafa, na Mirambo akaja mpaka Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Walioshauriana walikuwa watu wachache wenye mali ghalani. Mpagazi aliyebeba mzigo begani, na mwanamke Mnyamwezi aliyelima mtama uliowalisha wote, hawakuulizwa, nao ndio waliounguliwa na nyumba. Mirambo aliendelea kutawala na kufanya biashara mpaka alipokufa mwaka 1884.

Zama za Wajerumani tutazipita upesi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, akaona bora alipue baruti kuliko kukamatwa. Baada ya hapo amri ikatoka Bomani. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikafa. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji, kisha wakaja Waingereza. Hawa, tangu sheria ya mwaka 1926, walitawala kwa kupitia watemi: mtemi akakusanya kodi, akaamua kesi ndogo, akapewa mshahara. Kwa nje ilionekana kama utawala wa wenyeji. Lakini mtemi wa zamani aliyewaudhi watu wake alikuwa na khofu ya wazee na ya watu kumhama. Mtemi wa mshahara aliangalia zaidi uso wa Bwana Shauri. Wakulima wa karafuu twaijua khabari hiyo kwa upande wetu. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha mwaka 1927 kilikuwa na jina la wakulima, lakini kufika mwaka 1937, kilipopewa na sheria amri ya ununuzi wa karafuu, maamuzi makubwa yalikuwa ya Serikali. Jina la mlangoni peke yake halitoshi kumjulisha mtu nani anayeamua ndani.

Sasa tufike mahali ambapo Tabora ina fundisho kubwa zaidi, nalo ni mkutano wa TANU wa Januari 1958.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti mazito. Mpiga kura sharti awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la 8, au awe na kazi ya namna fulani iliyotajwa. Wakulima walio wengi wakawa nje. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akimchagua mmoja tu, kura yake imeharibika. Wanachama wengi wa TANU waliona hii ni dharau, na walifika Tabora wameazimia kuususia uchaguzi. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu: ukiingia katika mchezo ambao kanuni zake umewekewa na mwengine, umezikubali kanuni hizo.

Julius Nyerere, ambaye Tabora aliijua vizuri kwa kuwa alisoma na kufundisha skuli huko, alisimama upande wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba chama kikikaa nje, viti vitachukuliwa na wengine, na hao ndio watakaoandika masharti ya uchaguzi unaofuata. Basi uingie katika uchaguzi huu mbaya, upate viti, kisha ubadilishe sheria ukiwa ndani. Kulikuwa na mabishano makali. Mwishoe ikapigwa kura, na upande wa kushiriki ukashinda. Uamuzi huo mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Akatoka katika chama akaanzisha chake, African National Congress. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliosimama kwa msaada wa TANU walishinda. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ikapata viti 70 katika 71, na uhuru wa Tanganyika ukaja tarehe 9 Disemba, 1961.

Tunataka wanachama waangalie jambo moja katika mkutano ule, ambalo mara nyingi husahauliwa kwa sababu ya ukubwa wa matokeo. Wajumbe walikuja na rai moja wakaondoka na nyingine, na hawakuamriwa. Walisikiliza, wakabishana, wakapiga kura. Na wale walioshindwa walikuwa wamesikilizwa kwanza. Mkutano ambao kila mtu anajua mwisho wake kabla haujafunguliwa si mkutano, ni tangazo.

Baada ya uhuru watemi waliondolewa katika utawala kwa sheria ya mwaka 1963, na mahali pao pakashikwa na mabaraza ya wilaya na miji. Chifu Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya uhuru, kwa hivyo alikuwamo katika serikali iliyofuta cheo alichorithi. Akajiuzulu uwaziri mwaka huohuo wa 1963. Mambo ya dunia!

Lakini mabaraza hayo nayo hayakuishi sana. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanakwenda kwa watu. Kazi iliyofanyika ni kwamba watumishi wa Serikali kuu walipelekwa mikoani na wilayani, na mabaraza ya kuchaguliwa yakavunjwa, kwanza ya wilaya na mara baadaye ya miji. Mwaka 1976 vikavunjwa vyama vya ushirika. Katika mkoa kama Tabora, ambako watu huishi kwa tumbaku, asali na mazao ya chakula, maana yake ni kwamba katika muda wa miaka 4 mkulima alipoteza sehemu mbili alizokuwa akisema neno: baraza lililomtengenezea njia na chama kilichomuuzia mazao.

Matokeo yake yalionekana bara nzima. Nani atazibua mitaro ya mji ikiwa hakuna anayeulizwa juu ya mitaro? Mkubwa aliyepo yuaangalia barua ya Dar es Salaam, wala haangalii dirisha lake. Barabara za miji zikaharibika, taka zikabaki, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe kwa sheria ya muda. Mwaka 1982 zikatungwa sheria namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 8 ya mamlaka za miji, na mwaka huo pia ikatungwa sheria ya kurudisha ushirika. Mabaraza yakaanza kazi tena mwaka 1984. Kuvunja kulikuwa kwepesi, kujenga upya kukachukua miaka mingi, kwani makarani waliojua hesabu walikuwa wametawanyika na watu walikuwa wamezoea kungoja.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 jambo jingine lilizuka katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, nalo ni Sungusungu. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi na polisi walikuwa wachache na mbali. Wanavijiji wakajipanga wenyewe, kwa pinde na mishale, filimbi na mbiu, wakachagua wakuu wao, wakawaandama wezi. Wizi ulipungua sana, na Serikali ikawapa idhini. Walakini kulikuwa na upande mwengine, na si haki kuuficha: watu walipigwa na kuuawa bila ya hukumu, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wazee walioitwa wachawi. Kushirikiana kwa watu si jambo jema kwa jina lake tu. Lahitaji sheria, na lahitaji mahali ambapo yule mmoja anayeshitakiwa na wote anaweza kujitetea.

Na sasa mambo yakoje? Tabora leo ni Manispaa. Chini kabisa upo mtaa, na mtaa una mwenyekiti na kamati waliochaguliwa na wakazi wenye miaka 18 na zaidi, kila baada ya miaka 5. Yupo pia Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambaye hachaguliwi, ni mwajiriwa. Mitaa kadhaa hufanya kata, na kila kata ina diwani. Madiwani wakikutana ndio Baraza la Manispaa, nao humchagua Meya miongoni mwao. Mkurugenzi, mwenye kushika kalamu ya malipo, huteuliwa kutoka juu. Vijijini, nje ya mji, kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ni mjumbe kwa haki yake. Mkutano huo sharti uitwe kila miezi 3, usomewe mapato na matumizi, na tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji haigawiwi bila ya idhini yake. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25.

Mwanachama atauliza: je, yote haya yanafanya kazi? Baadhi yanafanya. Chukueni maji. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na mvua ikikawia mji ulipata dhiki. Hatimaye yakaletwa maji ya Ziwa Victoria kwa bomba refu, kwa mkopo kutoka India. Hakuna mtaa unaoweza kujenga bomba kama hilo. Hiyo ni kazi ya dola. Lakini kioski kikae wapi, nani anunue kwa bei gani ya ndoo, na bomba likipasuka mbele ya nyumba ya mjane aliyeko mwisho wa njia nani apeleke khabari, hayo ni mambo ya mtaa, na Waziri hata akitaka hawezi kuyajua.

Na miembe pia. Kando ya njia ya zamani kuelekea Ujiji imebaki miembe mikubwa, na wenyeji husema ilipandwa na kuota zama za misafara. Tangu 2006 njia hiyo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kwa UNESCO. Orodha iko afisini, nao mwembe uko karibu na jiko la mtu anayehitaji kuni. Utasimama ikiwa mtaa au kijiji kimekubaliana usimame, basi.

Yako pia yasiyofanya kazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya viti 99 kwa mia. Mahali pengi hapakupigwa kura kabisa kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja. Mwenyekiti aliyepita bila ya kupingwa huenda akawa mtu mwema sana, lakini wakazi wake hawakupata nafasi ya kumwambia wanataka nini kabla hajakaa kitini, na nafasi hiyo ndiyo faida ya uchaguzi.

Upande wetu wa visiwani mpangilio ni mwengine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Sheha hachaguliwi. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye ana wazee wa kumshauri. Anayechaguliwa ni diwani, na eneo lake kwetu ni wadi, si kata. Kwa hivyo mwanachama anayesema "tutamtoa sheha wetu uchaguzi ujao" anasema jambo lisilowezekana, na anayemnung'unikia sheha juu ya njia ya shamba pengine anamwonea, maana fedha za njia hazimo mikononi mwake. Sheha ana shahada ya ukaazi, ana khabari za watu wake, na ana masikio ya Mkuu wa Wilaya. Diwani ana sauti katika Baraza la Mji au Halmashauri, ambako makisio ya mwaka hupitishwa. Njia, soko na taka ni mambo ya huko. Mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio hutengenezwa miezi kadhaa kabla yake. Barua inayofika mwezi wa Juni, hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu, imechelewa.

Jambo jengine ni mahudhurio. Katika matawi yetu wanawake ndio wanaochuma, kuchambua na kuanika kwa wingi, na mikutanoni wamekuwa wakikaa nyuma wakisikiliza. Wao ndio wanaotembea njia ile mbovu na pakacha kichwani. Tawi linalotaka kueleza ubovu wa njia bila ya kuwauliza wao litaeleza nusu yake.

Tunapendekeza basi kila tawi lifanye hivi. Kabla ya mavuno liitishe kikao, liandike mambo matatu tu, si ishirini, na kila jambo litajwe mahali pake khasa: njia ipi, kutoka mwembe upi mpaka daraja lipi. Nakala moja apewe sheha ili asije akasikia kwa watu, nakala ya pili apewe diwani kwa mkono naye atie saini ya kupokea, na nakala ya tatu iletwe afisini kwetu. Karatasi zilizotiwa saini tutaziweka katika jalada moja kwa kila wadi, na jalada litakuwa wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kulitazama, kila Jumatatu na Alkhamisi, saa 3 mpaka saa 6 mchana.

Katibu